Kidumu cha Papa Dereva

Papa Dereva hakuwa mtu wa kuwasha gari. Aliliamsha. Kwanza alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa. Kisha alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe, akakirudisha, akakichomoa tena, akakinusa. Sisi abiria wake tulikuwa tumeshakaa ndani, wanawake watupu, makoti juu ya sare za kazi, tukitetemeka. Wa kwanza kuthubutu kumwomba afanye haraka nilikuwa mimi, kwa kuwa nina mdomo. Alinijibu kwa upole kabisa, mkono juu ya injini: "Moteur ni muntu muzima, Maman Tanzanie. Unamusalimia mbele ya kumutuma."

Mimi ni mtu wa Kigoma, yeye alikuwa wa Lubumbashi, na tangu siku ya kwanza aliniita kwa jina la nchi yangu kana kwamba nimeletwa Brussels kuiwakilisha.

Basi lake dogo la dizeli lililala uani kwake, mtaa wa Forest, na kila alfajiri, kabla tramu ya kwanza haijatoka, lilitusambaza makazini. Mimi naogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee kule Berchem-Sainte-Agathe. Mama Zuhura, Mrundi wa Buyenzi, alisafisha maofisi. Wengine walikuwa wa mahoteli. Kazi zetu zote zilianza saa ambayo mji hauna usafiri, kwa hiyo basi lisipowaka, hatufiki, na tusipofika mara mbili tatu, nafasi anapewa mwingine. Tukishashuka, basi hilohilo lilipeleka wasafiri uwanja wa ndege, Jumamosi lilibeba wageni wa harusi, Jumapili likabeba kwaya na ngoma zao. Halikujua kupumzika. Ndiyo maana nilipomwona akinusa kile kijiti nilicheka, lakini moyoni nilikuwa naomba akipende.

Alivaa suti. Sisemi siku za sikukuu tu, nasema kila siku, na tai juu, hata akiwa amelala chini ya gari. Sijawahi kuona tone la oili kwenye shati lake, na hadi leo sielewi aliwezaje. Basi lenyewe, kinyume chake, lilikuwa aibu. Mlango wa pembeni ulifunguka kwa teke, na teke lenyewe lazima alipige yeye. Waipa ilifanya kazi moja, ya upande wa abiria. Dirisha langu lilizuiwa lisidondoke kwa kipande cha kitenge. Ukimlalamikia, alikuambia kwamba hayo yote ni nguo za gari, na mtu hafi kwa kukosa nguo.

Magari ya wengine nayo yalimhusu. Kwenye taa nyekundu alishusha kioo na kutega sikio. Siku moja alimwambia mama mmoja wa Kibelgiji, kwa Kifaransa chake kizuri cha shule za mapadri, kwamba injini yake ina kiu na angefanya vyema kuipa oili jioni hiyo. Yule mama alipandisha kioo na kufunga milango. Papa Dereva alimsikitikia, si kwa utovu wa adabu bali kwa injini.

Lakini sifa yake ilitoka kwa kinyozi. Kwenye mtaa mdogo unaochepuka kutoka Chaussée d'Ixelles kuna kinyozi ambako wanaume wa Lubumbashi, Likasi na Bujumbura hukutana kunyolewa nywele ambazo wengi wao hawana tena. Hapo ndipo alipohubiri, na hubiri lake lilikuwa moja, oili nzito. Ujanani aliendesha malori ya shaba huko Katanga, kwenye jua na vumbi, na huko walitia oili ambayo ukiimimina unaweza kwenda kusalimia jirani ukarudi ikiwa bado inashuka. "Huile nzito njo inashikaka moteur," alisema. "Hii ya hapa ni mayi tu. Unatiamo mayi, alors moteur inaoga, haikule." Na ushahidi wake ulikuwa umeegeshwa nje, basi lililotembea mpaka mita ya kilomita ikachoka kuhesabu, huku magari ya wasikilizaji wake yakifa moja baada ya jingine. Kando ya kiti chake kilikaa kidumu chekundu cha bati, kimebonyea, chenye picha ya faru na maandishi makubwa ya oili nzito. Alikuwa amekuja nacho kutoka kwao, alisema, na hakuna aliyewahi kumwona akitia oili isiyotoka kwenye kidumu kile.

Sasa niseme jambo ambalo mimi wala yeye hatukulijua vizuri wakati ule. Injini hailiki barabarani sana kama inavyolika ile dakika inapoamka. Oili yote imelala chini, na mpaka ipande juu, chuma kinasugua chuma. Katika joto la Katanga oili nzito hupanda tu. Katika baridi ya Brussels huganda kama samli kabatini, nayo injini husubiri huku ikijila. Basi lilikuwa limeponea kwa sababu lilikuwa halilali. Lilishinda njiani na kulala bado lina joto.

Hadi ulipokuja ule msimu wa baridi. Papa Dereva alikwenda kwenye msiba Liège kwa treni, basi likakaa siku mbili uani, na asubuhi ya tatu tulilikuta limekuwa jiwe. Alilizunguka, akalisalimia, akageuza ufunguo. Likatoa mguno mmoja wa ng'ombe mgonjwa, likanyamaza. Akatuambia lina haya, tuangalie pembeni. Tukaangalia pembeni. Halikuwaka.

Hapo nikachukua uongozi, kwa sababu kupasha moto miili iliyokakamaa ndiyo kazi inayonilisha. Nilimwamsha mkewe achemshe maji. Tukakusanya chupa za mpira za maji ya moto, ya mkewe ya kiuno, ya Mama Zuhura ya mgongo, na mbili za majirani, tukazipachika chini ya tumbo la injini, tukalifunika boneti kwa blanketi. Wanawake wazima, tumepiga magoti kwenye theluji, tunalikanda basi. Mbelgiji mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama getini, akatutazama kwa muda, kisha akauliza kwa heshima kama kuna anayejifungua.

"Presque, monsieur," Papa Dereva alimjibu. Bado kidogo.

Lilijifungua hatimaye, kwa ukelele na moshi mweusi uliofunika ua mzima. Nilifika kazini wazee wameshakunywa chai. Msimamizi wangu alinipa onyo la maandishi na kuniambia kwamba la pili litakuwa la mwisho. Kesho yake nilimsimulia Papa Dereva. Sikumlaumu, nilimsimulia tu. Alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha kijiti, akaivaa tena ikiwa na madoa ya oili, akaendesha hivyo hadi Berchem.

Tangu hapo basi halikugoma tena. Baridi ilizidi, nalo liliwaka kwa mguso mmoja. Kwa kinyozi akahubiri kwa nguvu zaidi, kwamba mmeona, hata theluji imeshindwa na oili nzito. Nami nilimwamini, mpaka asubuhi moja nilipowahi kufika. Mlango wa banda lake la uani ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona amesimama kwa suti yake, faneli mkononi, anamimina oili kutoka kwenye dumu jipya la plastiki, la duka la hapahapa, kuitia ndani ya kidumu cha faru. Ilikuwa nyepesi, ya rangi ya chai ya hospitali, na ilishuka haraka bila kelele.

Nilirudi kinyumenyume kwa vidole vya miguu hadi getini. Nikakohoa kwa nguvu. Nikapiga hodi ya kuamsha mtaa. Akatoka na kidumu kwapani, uso mtulivu kabisa.

"Alors, Maman Tanzanie. Umelala muzuri?"

Nikamwambia nimelala vizuri. Sikumwambia mtu mwingine yeyote, wala sioni kwa nini ningesema. Basi linawaka, kazi ninayo, na mzee amefanya jambo la akili. Kama alitaka kulifanya kwa kujificha, hilo ni lake.

Mambo yaliharibika alipokuja mdogo wangu. Ni kijana mzuri, mchapakazi, lakini akishamheshimu mtu humheshimu na makosa yake. Alipata kibali cha teksi, akanunua gari lililotumika, lile la aina yenye injini na betri pamoja, ambalo hujizima lenyewe kwenye kila taa na kujiwasha tena. Mchana aliliendesha yeye, na jioni mwenzake. Mkewe alikuwa bado Kigoma. Ili aletwe, mdogo wangu alitakiwa kuonyesha kazi isiyoyumba kwa muda mrefu, na kazi yake ilikuwa lile gari. Likifa gari, mke haji. Wala haihitaji hesabu.

Papa Dereva alilitazama gari lile kwa huzuni. "Linakufa na kufufuka kwa kila feu rouge," alisema. "Hata Lazaro alifufukaka mara moja." Lakini ndivyo ilivyokuwa. Injini inayoamka mara mia kwa siku inataka oili nyepesi kuliko zote, na kitabu cha gari kilisema hivyo kwa herufi nene.

Mdogo wangu hakusoma kitabu. Alikwenda kwa kinyozi. Nami nilikuwepo, nimepeleka sambusa za kuuza. Alisubiri mpaka pakajaa, akasimama kwa adabu mbele ya watu wote, akauliza: Papa, gari langu nilitie oili gani?

Kinyozi alizima mashine. Wanaume wote waligeuza shingo, mmoja akiwa amenyolewa nusu. Papa Dereva alinyoosha tai. Aliutazama ukuta, akaitazama sambusa, akakohoa.

"Nzito," alisema.

Watu wakaitikia kama kanisani. Jioni hiyohiyo mdogo wangu alirudi na dumu la oili nzito, akaliweka mlangoni kama mtu aliyeleta mbuzi wa Idi. Nilimfungulia kitabu cha gari. Akanicheka. Basi la Papa limetembea kuliko ukoo wetu wote, alisema, nawe dada, kazi yako ni kuogesha wazee. Nilifungua mdomo nimwambie nilichokiona bandani, na mdomo huu ambao haujawahi kunigomea ukanigomea. Kumwambia kijana kwamba mzee anadanganya ni kumvua mzee nguo. Nilimtukana yeye tu, nikaenda kulala nimekasirika.

Asubuhi yake nilikaa kiti cha mbele. Nilisema jambo moja. "Papa, mdogo wangu anabadilisha oili Jumamosi. Peke yake."

Aliendesha njia nzima macho mbele, waipa ikifuta upande wangu. Tulipofika, akiwa anakwenda kupiga lile teke la mlango, aliuliza: "Bibi yake atakuya lini?"

"Kazi isipoyumba, Papa."

"Hmm," alisema, akapiga teke.

Jumamosi alfajiri kengele ililia. Papa Dereva alikuwa mlangoni kwetu na suti ya harusi, kisanduku cha spana mkono mmoja na kidumu cha faru mkono wa pili. Mdogo wangu, ambaye alikuwa bado na mswaki mdomoni, alidhani kuna msiba.

"Mutoto," Papa Dereva alisema, "vidange ya kwanza haifanyake mwenyeye gari. Kwetu ni mwiko. Inafanyaka mukubwa."

Mdogo wangu alisema hajawahi kusikia vidange, yaani kubadilisha oili, ikiwa na mwiko.

"Weye ni wa Tanzanie. Utasikia wapi?"

Mwiko ukaja na masharti, ambayo naapa alikuwa anayatunga akipanda ngazi. Mwenye gari asione oili ya kwanza ikiingia. Akae ndani, aligeuzie gari mgongo, asinyanyuke mpaka asikie honi. Na oili aliyoinunua mwenye gari inakwenda kwa mkubwa aliyemfanyia kazi, ndio mpango. Mdogo wangu, masikini, alikaa jikoni mbele ya friji, mikono magotini, akiitazama kama anayesubiri itaje jina lake. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona mzee akitandaza magazeti uani, akilala chali na suti ile, akifungua nati, akiitoa oili ya zamani. Nilimwona akiinua kidumu cha faru. Kilichotoka kilikuwa chepesi kuliko hata cha basi lake, na kilishuka kama maji ya bomba. Nilicheka mpaka nikalazimika kuuma pazia. Honi ilipolia, machozi yalikuwa yananitoka, wala si ya kicheko tu. Nilimpenda mzee yule siku hiyo kama baba yangu.

Aliondoka na dumu la oili nzito kwapani, na ile chafu akaipeleka mwenyewe kwenye kituo cha taka cha manispaa.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kwamba mdogo wangu alisimulia kwa kinyozi. Wiki iliyofuata alikuja mtu kumwomba Papa Dereva amfanyie vidange ya kwanza. Kisha mwingine. Mrundi mmoja akakumbuka kwamba mwiko huo hata Bujumbura ulikuwepo, babu yake aliutaja. Mtu wa Likasi akasema kwao ulikuwa mkali zaidi. Watu wakaanza kuandaa soda na sambusa, na kwaya ilikuja mara moja. Siku moja nilipita uani pa watu Forest nikakuta familia nzima, bibi hadi mtoto wa kunyonya, wamesimama wameuangalia ukuta, na nyuma yao Papa Dereva, amenyooka kwa tai yake, anamimina. Kila mtu aliyenunua oili nzito kwa kumsikiliza alikuja kunyang'anywa oili nzito na mtu yuleyule. Magari yakaacha kufa. Sifa zikaenda kwa faru.

Mdogo wangu alijua, nadhani, tangu alipochomoa kijiti cha gari lake mwenyewe. Alikuja jikoni akaniambia, "Dada, oili nzito ya Papa ni nyepesi kweli." Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa. Hakuuliza tena, na kila mara vidange ilipofika alikaa mbele ya friji bila kuambiwa.

Basi halikufa kwa injini. Mji ulikataza dizeli za umri ule kuingia, na barua ya manispaa haikutaka kujua injini inasikika vipi. Tulikuwa tumeshaanza kununua vigari vyetu, vingi vikiwa vimeoshwa na faru, kwa hiyo hakuna aliyekosa kazi. Lakini siku lilipochukuliwa na mnunuzi wa kulipeleka Bujumbura, abiria wote tulikuja na makoti yetu. Papa Dereva alilizunguka, mikono nyuma. Kisha akafungua banda lake na kutoa madumu yote ya oili nzito aliyokusanya kwa miaka, akayapakia nyuma ya basi, mstari kwa mstari.

"Kule kuko joto," alimwambia mnunuzi, mbele yetu sote. "Kule, tiamo nzito."

Wanaume wa kwa kinyozi wakaitikia. Papa Dereva alipiga teke mlango, kwa mara ya mwisho, akaingia ndani kabla hatujaona uso wake.

Mwaka huu aliniita. Siku hizi magoti hayapindi, na safari zake huishia dirishani, ambako anasikiliza barabara na kulalamika kwamba magari ya umeme hayana la kusema. Nilimkuta amevaa tai. Kidumu cha faru kilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kimefutwa kinang'aa.

"Beba," aliniambia.

"Papa, mimi sijui magari."

"Unajua kunyamaza. Ile ingine nitakufundisha." Alikisogeza kidumu kwa kidole. "Siku ile, kwa banda, nilisikia viatu vyako. Halafu ulienda kwa porte ukakohoa sawa muntu wa théâtre. Mubaya sana, Maman Tanzanie. Ulikohoa mubaya sana."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikamuuliza nililotaka kumuuliza miaka yote. Kwa nini hakuwaambia tu watu kwamba alikosea?

"Bon. Ningesema, wangecheka. Halafu wangeendelea kutia nzito, juu muntu akikucheka hakusikilizake tena." Akaitazama barabara. "Miye nilitaka wafike kazini."

Mwezi uliopita wifi yangu alinunua kigari cha kwendea kazini. Ndiyo, alikuja. Anafanya kazi pamoja nami Berchem-Sainte-Agathe, na zamu yake inaanza kabla ya tramu ya kwanza. Nilivaa gauni langu la kanisani. Mdogo wangu alimleta Papa Dereva, akamweka kwenye kiti uani, na mzee akaomba ageuziwe ukutani kama wengine, kwa kuwa mwiko ni mwiko. Nililala chini, nikafungua nati kama alivyonifundisha, nikapakaa oili gauni zima. Nilipokiinua kidumu, wifi, ambaye ni mgeni na bado anauliza maswali, aligeuza shingo kidogo.

"Wifi, hiyo ndiyo ile nzito?"

"Nzito kabisa," nikamwambia. "Geuka huko."

Akageuka. Nikamimina. Na kutoka ukutani Papa Dereva akakohoa, kwa nguvu, vibaya sana.